Jiwe Alilokupa Charles

Ngokolo, Shinyanga

Mwanangu mpendwa Loveness,

Pokea salamu zangu, na kama umenisalimu huko Katoro, marahaba. Sisi wazima. Baba yako mgongo unamsumbua lakini anakula. Bibi anakuulizia kila asubuhi kama vile uliondoka jana. Mdogo wako Masalu kaota ndevu tatu na sasa haambiliki. Mdogo wake Vumilia anasoma, anakusalimu sana. Na wewe, kifua kimepona? Unajifunika?

Simu hupokei, ndiyo maana barua hii nimempa Mwamvua anayekuja mnadani huko. Nimesikia unaacha cherehani uhamie kwa Charles, eti lile jiwe la dhahabu alilokupa litawafungulia duka. Tangu hapo usingizi sina.

Huyo mchumba wako alipita hapa Jumapili, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Akasema dhahabu yeye anaijua kwa kuinusa tu. Bibi akamuuliza, mbona dhahabu ikigongwa haivunjiki. Akajibu kwa sababu ni ghali. Ng'ombe wa baba yako naye ni ghali, mbona alivunjika mguu? Bibi akainuka kwenda kwa kuku, akasema huko ndiko kuna wa kuongea nao.

Vumilia ndiye aliyenieleza, kafundishwa shuleni. Anasema dhahabu, shaba, chuma, ndani zina punje ndogo zisizoonekana, safu juu ya safu. Ukigonga, safu zinateleza lakini punje haziachani. Nikaona ni kama sisi wanawake kwenye mkeka wa msibani: akija mwingine tunasogeana, na bado tumekaa pamoja. Jiwe haliko hivyo. Kila punje imeng'ang'ania mahali pake, ukiisukuma inaachia.

Sasa mwanangu, usinikasirikie. Lile jiwe ulilonipa nikutunzie nimeliweka juu ya jembe nikaligonga kwa nyundo. Limekuwa unga mweusi unaonuka kama kiberiti. Na usiseme mama kagonga kwa hasira, maana nilianza na hereni yangu ya dhahabu, ile aliyoniachia marehemu mama yangu mzazi. Nyundo hiyohiyo. Imelala bapa kama jani, haina hata ufa. Kanisani naenda na hereni ya sikio moja.

Unga nimeufunga kwenye kitambaa. Charles akirudi nitampa anuse.

Wote hapa wanakusalimu, hata Masalu na ndevu zake. Nijibu upesi, Mwamvua akirudi aje na neno lako. Niambie tu kwamba bado unashona.

Mimi mama yako,
Rebeka