Njia Isiyogusa Lami

...na ndiyo maana nasema, Dada, huyu mwanamume aliyenioa hana akili timamu, na ndiyo maana nampenda hivi mpaka naona haya.

Nimeanzia katikati tena. Nakusikia ukinivuta sikio: "Muhonja, anzia mwanzo, mimi si mganga." Haya, Dada Mmbone. Mwanzo ni kwamba nimeolewa. Nimeolewa na Wafula! Yule fundi baiskeli wa Malava, siku ile mnyororo wangu ulipokatika na sisi tumelowa matope mpaka kwenye nyusi. Mimi nilimwona fundi tu. Wewe ulimwona akifuta mikono vizuri kwa kitambaa kabla ya kunirudishia baiskeli, ukaninong'oneza, "Mwanamume anayefuta mikono hivyo, huyo shika." Nimeshika, Dada. Nimeshika kwa mikono miwili. Asubuhi ananiletea chai kabla hajavaa viatu, na akienda shambani mimi hubaki mlangoni namtazama kama mtu anayetazama gari moshi kwa mara ya kwanza. Mama yake hunicheka. "Atarudi, mwanangu, mahindi hayali watu."

Harusi ilikuwa nzuri. Nasema ilikuwa nzuri kwa sababu kila mtu alisema hivyo. Lakini unajua kwetu bibi arusi hapelekwi peke yake. Dada yake humsindikiza, akakaa naye siku chache huko ugenini aone kama ameangukia watu au mawe. Nafasi hiyo ilikuwa yako tangu tukiwa wadogo. Ulisema tutakwenda kwa baiskeli, wewe mbele, mimi nyuma na shela langu limefungwa kiunoni, kutoka kwetu Shinyalu mpaka popote nitakapoolewa, kwa njia isiyogusa lami hata hatua moja. Badala yako alikuja Shangazi. Alikoroma siku zote alizokaa. Usiku wa kwanza nililala macho wazi nikimsikiliza, nikafikiri, hapa angekuwa Mmbone, tungekuwa tunacheka chini ya blanketi mpaka tufukuzwe. Nikalia. Shangazi akaamka akadhani nimekumbuka nyumbani. Nilikuwa nimekumbuka nyumbani, ndiyo. Nyumbani ni wewe.

Huku kwao Wafula, Lumakanda, ni tambarare, mahindi mpaka macho yachoke. Siku isiyo na ukungu naiona milima ya Nandi mbali upande wa huko kwetu, na kila nikiiona nahesabu chini yake zile njia zetu za changarawe: ile inayopita kando ya msitu kwenye majani chai, ile ya nyuma ya shule ambako nyani walituibia ndizi, ile ya mchanga mwekundu ambako hakuna sauti ila tairi zetu na wewe ukiimba vibaya. Hakuna gari huko. Trekta za miwa haziendi, boda boda haziendi. Ulikuwa ukisema barabara ya magari humfikisha mtu, lakini haimpeleki mahali. Sikuwahi kuelewa. Nilikuwa nakuitikia tu kwa sababu ulikuwa mkubwa wangu.

Sasa nikuambie lililonikaba.

Tangu tukuzike, Mama hataki kuona baiskeli. Daktari alitueleza pale hospitalini, polepole, mara mbili, kwamba moyo wako uliharibika tangu utotoni kwa yale maumivu ya koo yaliyokuwa yakirudi kila mvua. Mama aliitikia kwa kichwa. Lakini matangani wale wamama wa kijiji walikuwa na daktari wao. "Mwanamke na milima, wapi na wapi." "Hiyo baiskeli ndiyo imemmaliza." Maneno hayo yaliingia kwa Mama yakakaa. Siku ya kunyoa nywele kumaliza matanga, nguo zako zilipogawanywa, alisukuma mwenyewe baiskeli yako mpaka kwa Mjomba, akarudi akasema, "Baiskeli isiingie tena boma hili. Hata ya mgeni." Akanitazama mimi.

Na mimi, Dada, nilitaka jambo moja tu. Siku yangu ya kwanza kurudi nyumbani kama mke wa mtu, nije kaburini kwako kwa ile njia tuliyoahidiana. Nije nikuonyeshe pete nikiwa na vumbi. Nikimwambia Mama kwenye simu, anakata. Nikimwambia tena, anasema mtandao ni mbaya. Halafu tulikuwa hatujaimaliza njia yenyewe. Tulifika Malava, tukapita kidogo, na mbele kulikuwa na mto Kipkaren na hatukujua pa kuvukia bila kurudi kwenye lami na malori yake. Ulisema tutatafuta kiangazi kikija. Kiangazi kikaja, wewe hukuwapo.

Nilimwambia Wafula haya yote usiku mmoja, nikilia kwenye shati lake safi. Alfajiri nikaamka, hayupo, na baiskeli haipo.

Kumbe alikuwa amekwenda kutafuta. Mimi sikuweza kwenda naye. Bibi arusi hakanyagi kwao mpaka siku atakayopelekwa na zawadi. Akaenda peke yake. Aliwauliza wachungaji, wakamwonyesha daraja la miguu, mbao na nyaya, ambalo watoto huvukia kwenda shule. Akavuka baiskeli ikiwa begani. Halafu kutoka Malava akaifuata njia yako, kwa zile alama nilizomtajia kwa mdomo tu: mkuyu uliopasuka, kanisa la mabati, kijito cha mawe meupe. Hakugusa lami, Dada. Alifika mpaka kwenye majani chai chini ya kijiji chetu, akiwa na furaha yake, anapiga mluzi.

Na pale kwenye kona, akitoka kuchuma, kikapu mgongoni, anakuja Mama.

Unaona balaa? Mtu na mama mkwe wake, ambao kwetu hawatakiwi kuonana uso kwa uso, hawajawahi hata kusalimiana! Barabarani angepita upande wa pili, angejificha nyuma ya lori. Lakini njia yako ni nyembamba na haina lolote ila watu. Wafula aliitupa baiskeli akaruka ndani ya majani chai kama chura. Gurudumu la nyuma likabaki linazunguka hapo njiani, mbele ya miguu ya Mama.

Mama akasimama. Wafula anasema alisikia kikapu kikilia, kiii, mgongoni kwake. Halafu Mama akaanza kuongea na baiskeli, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe baiskeli. Umetoka wapi?"

Gurudumu lilizunguka tu.

"Mwambie mwenye wewe, hapo penye amejificha kuna siafu."

Na walikuwapo, Dada! Walikuwa wamekwishafika magotini. Lakini angetokaje? Akabaki humo, anaumwa, anaheshimu. Akajibu akiwa amelala chini, "Nimetoka Lumakanda, Mama."

"Kwa hii njia?"

"Kwa hii njia. Ni ya Mmbone."

Kisha Mama akauliza kama ina magari. Akamwambia hapana, ni ng'ombe na watoto wa shule. Akauliza, "Na milima?"

Sikiliza alivyojibu huyu mwanamume wangu. Alisema, "Mama, haipandi mlima hata mmoja. Inaizunguka yote. Mimi ni fundi, nimepita nikishangaa. Hii njia imechaguliwa na mtu aliyekuwa anahifadhi pumzi."

Aliponisimulia hapo, nilikaa chini sakafuni.

Kwa sababu ni kweli. Kila penye kilima ulikuwa ukikata kushoto, ukikata kulia, na mimi nyuma nakutania, "Tunazunguka nini kama mbuzi wa kamba?" Na wewe, "Huko juu kuna nini? Huku chini kuna kivuli na mapera." Nilikula mapera, Dada. Miaka yote ile nilikula mapera na sikujua kitu. Ulikuwa unajua. Ulikuwa unaujua moyo wako, ukautafutia njia inayouweza, na hukumwambia mtu, usije ukakalishwa nyumbani. Sijui nikukasirikie au nikushukuru. Nimefanya yote mawili wiki hii, na kazi ya nyumba haijafanyika.

Mama naye alielewa palepale. Wafula alisikia kikapu kikitua chini. Akasikia Mama akikaa njiani kando ya baiskeli na kulia kilio cha sauti, ambacho hakukitoa hata siku tulipokuzika, alipokuwa mkavu kama kuni. Na yeye yuko hatua chache tu na hawezi kuinuka amshike hata mkono. Anasema siafu hakuwasikia tena. Mama alikuwa anasema jina lako, na katikati anasema, "Si milima. Si milima."

Alipomaliza akajifuta na leso. Akaiinua baiskeli ya Wafula kutoka kwenye vumbi, akaisimamisha vizuri kwenye shina la mti, akaigonga tandiko ili vumbi litoke. Kisha akaiambia, "Muhonja anapendanga mbio. Mwambieni kwa mteremko ashike breki. Aje aone dada yake." Akachukua kikapu akaenda, hakugeuka.

Basi siku ya kupelekwa imepangwa. Mama mkwe na kondoo na wazee watakuja kwa gari yao, na Wafula atabaki kwa Mjomba mpaka aitwe, maana miguu yake bado ina alama na haya bado anayo. Mjomba ameahidi kuitia pumzi baiskeli yako. Nitaanza na yangu, na pale kwake nitaipanda yako kwa kile kipande kilichobaki. Nakuahidi sitapanda kilima chochote ulichokizunguka. Nitakata ulipokata. Nikichoka nitakaa pale ulipokuwa ukikaa ukiniambia unatazama ndege, na sasa nitajua ulikuwa unangoja nini.

Pumzika, Mmbone wangu, pumzika vizuri, huko hakuna anayekuharakisha. Nina furaha mpaka inauma, na sina wa kumwambia kama wewe. Mengine siwezi kuyaandika, yanahitaji nikae hapo kwenye udongo, karibu na kichwa chako, niseme kwa sauti ndogo kama tulivyozoea. Nakuja. Kabla mwezi huu haujaisha utasikia breki langoni, na atakayenifungulia ni Mama.

Mdogo wako,
Muhonja