Elvin Sensenig, na Pikapu Iliyoshushwa Kabla ya Wakati

Umetimia mwaka mzima, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumanne, mwezi wa kumi, uliponyanyuka mezani kahawa yako haijaisha, ukasema unakwenda kufungua gereji mara moja. Mama alisikia ndoo ikianguka uani. Alikukuta umelala kwenye kokoto, kofia bado iko kichwani, kana kwamba umejipumzisha tu.

Ulikuwa na miaka sitini na moja. Zaidi ya nusu ya hiyo uliishi mgongo chini, macho juu, chini ya pikapu ndogo za zamani ambazo wauzaji wa mjini wanaziona takataka. Watu wakikuambia, "Elvin, si uwashauri wanunue mpya?" ulijibu, "Mpya zina televisheni ndani, na sisi hatuangalii televisheni."

Kila mwezi wa nne uliwaita majirani walete magari yao uyaoshe kwa chini, kabla chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji haijala fremu. Ulikuwa ukigonga fremu kwa nyundo ndogo huku umeinamisha kichwa, unasikiliza. Mtu akinunua gari lenye bampa inayong'aa, alikuletea uipake rangi nyeusi kama kanisa letu linavyotaka, nawe hukumwacha aende bila utani. "Hii imejipamba inakwenda harusi ya nani?"

Ya nje uliyaacha ya kawaida kabisa. Ya ndani ndiyo uliyoyabadilisha bila woga. Paipu za breki zilizooza ulizitoa, ukaweka za shaba ngumu. Taa hafifu uliziwekea waya mnene. Springi zilizochoka ukazing'oa, ukaweka zenye bapa moja zaidi la chuma, ili mkulima abebe mzigo wake na gari lisikae kama kuku anayeatamia.

Mwanao Leroy alitaka ng'ombe, ukamwachia ng'ombe. Binti yako Norene alipomaliza darasa la nane, kama sisi wote tunavyomaliza, alitaka kujua kilichoko chini ya magari. Watu waliguna. Wewe ulimwambia Mama amshonee aproni ya turubai, basi. Kwa miaka minane alikupa spana, akashika taa, akafungua, akafunga, na kila mara ulimwuliza swali lile lile: "Umeikaza, au umeigusa?"

Lakini ukazaji wa mwisho hukumwachia hata mara moja. Alipokulalamikia ulimwambia, "Mtu akifa ndani ya gari, hawatamuuliza Norene. Watauliza, nani alilitengeneza? Wataambiwa, Elvin Sensenig." Hapo ulikuwa hutanii.

Jumatatu, siku yako ya mwisho kazini, mlikuwa na pikapu ya Mahlon Burkholder juu ya stendi. Mlimwekea springi mpya za nyuma kwa ajili ya maboga yake. Zile yubolti nne, boliti zilizopinda kama herufi U, kila moja na nati mbili, zinazoifunga ekseli ya magurudumu ya nyuma kwenye springi, mlizikaza kwa vidole tu. Ulimwambia Norene, "Hizi hazimaliziwi gari likiwa hewani. Kesho tutavalisha magurudumu, tulishushe lisimame kwa uzito wake, ndipo nizikaze." Ukaifunika kwa kitambaa spana yako ya kupimia nguvu, ile inayolia nati ikishakaza vya kutosha, mkaenda kula.

Kesho hiyo ndiyo ile Jumanne.

Desturi yetu unaijua, maana umeitimiza kwa wengine mara nyingi. Penye msiba, wafiwa hawashiki kazi. Kabla ya saa nne kanisa lilikuwa limeingia nyumbani kwetu. Kuna waliokamua ng'ombe wa Leroy, kuna waliookota tufaha, kuna waliopika. Norene alipojaribu kuosha kikombe chake, Shangazi Lucille alimnyang'anya. "Kaa chini, mwanangu. Leo una kazi moja tu, kulia." Norene hakuweza kulia kwa kuamriwa. Alikaa siku mbili kwenye kiti cha jikoni, mikono yake ikiwa mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Alhamisi saa nane mchana, zikiwa zimebaki saa mbili watu waanze kuingia kukuaga, alitoroka akaenda gereji. Alitaka tu kusimama pale ulipokuwa ukisimama. Alikuta sakafu imefagiwa hadi kwenye kona, spana zimepangwa kwa ukubwa, jambo ambalo wewe hukuwahi kulifanya. Stendi nne zilikuwa zimeegemezwa ukutani.

Pikapu ya Mahlon haikuwepo.

Leon Hoover, jirani yetu, alikuwa akitoka na toroli la takataka. Alimwona, akatabasamu kwa upole. "Usijali, Norene. Ile ya Mahlon tumeshamalizia. Ilibaki magurudumu tu, nikayafunga mwenyewe, tukaishusha, akaichukua leo asubuhi. Kazi ya baba yako haikulala."

"Ndugu Leon, zile nati za ekseli mlizikaza?"

"Zilikuwepo zote nane. Nilizihesabu."

"Sijauliza kama zilikuwepo. Mlizikaza?"

Leon aliacha mikono ya toroli. "Elvin alikuwa ameshazifunga," alisema, kisha akageuka kuzitazama stendi ukutani. "Hakuwa amezifunga?"

"Mahlon yuko wapi?"

"Amekwenda kanisa la juu kuchukua mabenchi ya wageni. Ana Janelle."

Janelle, binti wa Mahlon, alikuwa na miaka mitano. Barabara ya kutoka kanisa la juu inashuka maili nzima kando ya machimbo ya mawe, na chini kabisa inakata kona kwenye daraja. Wewe Baba unajua, hakuna asiyeijua. Na simu ya mfukoni Mahlon hana.

Norene alichukua spana yako na kitambaa chake, akachukua na mtaimbo na jeki, akaingia kwenye gari lako. Leon alitaka kupanda. "Baki hapa," alimwambia. "Akirudi kwa njia ya Reidenbach tukapishana, mshike asiende popote."

Hatujui alikwendaje mwendo ule. Anasema anakumbuka jambo moja tu, mkokoteni wa farasi wa jirani zetu wasioendesha magari, ulioziba njia nyembamba kati ya mashamba mawili ya mahindi. Hakuweza kuupita. Hakutaka kupiga honi akamshtua farasi. Alikaa nyuma yake, anahesabu kwa mdomo, mpaka mzee aliyeshika hatamu alipogeuka, akauona uso wake, akaingiza gurudumu moja shambani ampishe.

Alipofika chini ya machimbo alimwona Mahlon juu, anateremka. Mabenchi yalikuwa yamepangwa mpaka juu ya kabini anamokaa dereva. Na pikapu haikuwa ikija imenyooka. Mbele ilikuwa inatazama barabara, nyuma imekaa upande, kama mbwa anayekimbia huku akitazama pembeni. Norene alijua maana yake. Ekseli ilikuwa imeshatoka mahali pake.

Hapo ndipo alipoogopa kweli, ametuambia. Kama angesimama katikati ya njia na kupunga mikono, Mahlon angeshtuka akakanyaga breki kwa nguvu. Breki za ghafla zingeisukuma ekseli iliyolegea, gari lingejipeleka lenyewe, ama kwenye daraja ama machimboni. Lakini akinyamaza, kona ilikuwa inamsubiri.

Aliegesha kando ya njia ya kuingilia shamba la Nolt, akasimama kwenye majani. Hakupiga kelele. Akanyoosha mkono, kiganja chini, akaanza kuushusha polepole, polepole, kama ulivyokuwa ukiwafanyia watu wakirudisha gari ndani ya gereji. Hakuna mwanamume wa kanisa letu asiyeijua ishara hiyo, kwa maana wote umewafokea kwa kuidharau.

Mahlon alimwona. Kwanza alinyoosha kidole kimoja kumsalimia. Norene aliendelea kushusha kiganja. Mahlon akaacha kutabasamu. Injini ikaunguruma, alikuwa ameingiza gia ndogo. Ikaunguruma tena. Pikapu ilipita mbele ya Norene ikitembea kwa mwendo wa mtu, naye akamwonyesha Mahlon mwinuko mdogo wa nyasi penye lango la Nolt, Mahlon akaupandia, gari likasimama lenyewe.

"Norene!" alisema akishuka. "Wewe leo hupaswi kushika hata kikombe!"

"Imekuwa ikivuta?"

"Inavuta kulia tangu kanisani. Nikadhani upepo."

"Upepo? Mahlon, leo hata nguo kwenye kamba hazitikisiki."

Alikuwa ameshalala chini. Upande wa kushoto aligusa nati moja, ikazunguka kwa vidole. Ya pili vile vile. Ekseli ilikuwa imerudi nyuma upana wa vidole vitatu, na paipu ya breki imenyooka kama kamba ya kuanikia, bado kidogo ikatike. Alimwambia Mahlon achungulie. Mahlon alichungulia, akainuka, akaenda kumtoa Janelle kwenye gari, akamshika mkononi.

Janelle akauliza. "Norene, mbona umelala chini na nguo ya msiba?"

"Namalizia kazi ya baba yangu."

"Si amekufa?"

"Ndiyo maana namalizia mimi."

Walishusha mabenchi yote. Norene aliinua fremu kwa jeki, akailegeza ekseli, akaisukuma kwa mtaimbo mpaka kichwa cha boliti ya katikati ya springi kikaingia kwenye tundu lake juu ya ekseli. Akakaza kwa mkono, akalishusha gari. Kisha akafunua spana yako. Mahlon alinyoosha mkono. "Lete nikusaidie, mimi nina nguvu."

"Hapana. Hizi nazikaza mimi," alisema. "Kesho wakiuliza ni nani, nataka jina liwe moja tu."

Alikaza kwa kukatisha, kama ulivyokuwa ukifanya, moja huku, moja kule, kidogo kidogo, mpaka spana ikalia mara nane. Akarudia upya zote. Akaipangusa paipu ya breki, akamwambia Mahlon akanyage, akaangalia kama inavuja. Haikuvuja. Akaanza raundi ya tatu, Mahlon akauliza, "Hizo umezikaza, au umezigusa?" Maana hata yeye uliwahi kumwuliza. Norene alicheka, na baada ya kucheka alilia, pale pale chini ya gari, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Mahlon alimpeleka Janelle kutazama ndama wa Nolt mpaka Norene alipomaliza.

Nusu ya mabenchi waliipakia kwenye gari lako. Janelle alipanda na Norene. Mahlon alitangulia taratibu, Norene akaja nyuma yake, macho kwenye magurudumu ya nyuma mpaka nyumbani. Yalikwenda yamenyooka.

Wageni walikuwa wameshaanza kufika. Shangazi Lucille aliona grisi kwenye nguo nyeusi, akashika mdomo. Mama aliiona pia. Leon alikuwa ameshamweleza, akamvuta Norene kando ya mlango wa jikoni.

"Imekaa?"

"Imekaa, Mama."

"Una hakika?"

"Nimezikaza mara tatu."

"Basi nawa mikono uje usimame na mimi."

Leon alitaka kusema pale pale, mbele ya watu wote. Mama alimkataza, akamwambia siku ile ni ya Elvin. Jumapili iliyofuata Leon alisimama kanisani, akasimulia mwenyewe, akasema aliharakisha kuonyesha upendo bila kuuliza anayejua, na kwamba lau Mahlon angekufa, sisi sote tungekubali kwamba Elvin ndiye aliyekosea, na Elvin hakuwepo kujitetea. Ndiye aliyetuomba tuyaandike haya kama yalivyokuwa. Hatuna kinyongo naye, Baba, na tunajua wewe usingekuwa nacho.

Gereji ilikaa imefungwa wiki mbili. Wako waliosema iuzwe. Wako waliomwambia Mama kwamba msichana atachoka, ataolewa, na gari si mchezo. Norene alisikia yote.

Jumatatu moja asubuhi Leon Hoover aliingiza pikapu yake uani, ile ya kijani aliyoipaka nyeusi, fremu yake imeliwa na kutu nyuma ya kabini. Alishuka, akaweka funguo mkononi mwa Norene. Akasimama pale, anazungushazungusha kofia yake.

"Naruhusiwa kukaa nitazame?" akauliza.

"Kaa," Norene alisema. "Ila usiguse kitu."

Alikaa juu ya ndoo mpaka saa sita.

Tunakukumbuka: mkeo Edna, mwanao Leroy na mkewe Verna, binti yako Norene, wajukuu zako Kenton na Marlene, dada yako Lucille, pamoja na Mahlon, mkewe Irma na Janelle Burkholder, walioomba majina yao yawe pamoja na yetu. Maadamu tupo hai, Baba, haitapita siku bila wewe kutajwa kwa upendo nyumbani hapa.