Dripu ya Winnie

Winnie mwanangu, marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani.

Hapa Nyakato wote wanajua binti wa kaka yangu anatengeneza vibebeo vya dawa vidogo kuliko vumbi, vinavyoogelea kwenye damu kama sato mpaka kwenye uvimbe, wala havigusi mahali pengine. Mzee Chenge kabisha. Nikamjibu, “Wewe hata dagaa huwaoni bila miwani!”

Mama yako mdogo Dorotea aligoma kurudi hospitali kuwekewa dripu ya saratani, kwa jinsi ile ya kwanza ilivyomtesa. Nikamwambia hii ya sasa umeitengeneza wewe. Akavaa kitenge kipya, akaenda. Katapika vilevile, maana dripu ni ileile, lakini anasema, “Ya Winnie haiumi.”

Tangu nimwoe hajaamini hadithi yangu hata moja. Hii kaiamini. Akikupigia kukushukuru, mwanangu, itikia tu.

Baba yako mdogo anayetamba kwa jina lako,
Yeremia