Mara Moja Subiri, Mara Mbili Nenda

Alhamisi asubuhi, Nyabusozi. Mvua ilianza kabla hatujaamka na haina dalili ya kuchoka. Nimekaa barazani kwa kaka yangu Deo, miguu imelowa, moyo umekufa ganzi.

Mnaonisoma hapa mmezoea kunikuta nimekunja ngumi. Leo sina wa kumpiga.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwenye ukurasa huu huu kwamba Mtanzania anayevuka mpaka wa Rusumo kwenda kutibiwa Rwanda anaikimbia nchi yake. Niliandika kwa madaha, nikataja vitabu nilivyosoma, mkanipigia makofi. Makala ile sijaifuta. Ibaki hapo inicheke.

Maana koo la Deo lilipoota uvimbe sikukumbuka hoja hata moja. Nilifungua ramani tu. Kutoka kwangu Ngara, Kigali ni karibu kuliko Mwanza. Nikakata bima ya kuvukia mpaka, nikawasha gari.

Wiki sita tulivuka Jumatatu na kurudi Ijumaa, kwa ajili ya mionzi. Kwetu gari linakaa kushoto, kwao linakaa kulia. Waliotugawa walikaa mbali wakachora, Mwingereza akachukua upande huu, Mbelgiji akaachiwa ule, na hadi leo tunabadilishana upande pale mtoni Kagera kama timu zinazotoka mapumziko. Nilikuwa na makala nzima kichwani kuhusu upuuzi huo. Sitaiandika.

Gari langu lina usukani kulia. Ukiendesha gari la namna hiyo Rwanda, unakaa upande wa mtaro. Ukiwa nyuma ya lori huoni kitu ila matako ya lori na migomba. Anayeona barabara ni abiria wa kushoto. Deo aliendesha malori kutoka Dar hadi Kigali zaidi ya miaka ishirini, na kule utingo ndiye alikuwa jicho lake. Safari yetu ya kwanza aliketi pale kushoto, akajifunga mkanda, akasema, "Haya Mwalimu, leo mimi ndiye utingo wako. Uniheshimu, na chai usininyime."

Ndivyo anavyoniita, Mwalimu, kwa kunidhihaki, tangu nilipoanza kufundisha. Yeye ndiye aliyenifundisha gari, na hajawahi kukubali kwamba nimehitimu.

Wiki ya tatu sauti yake ikaisha. Tukapatana agonge dashibodi. Mara moja, subiri. Mara mbili, nenda.

Mimi ni mtu nisiyemwamini mtu. Nimegombana na wahariri, na wakuu wa shule, na paroko wangu mwenyewe. Lakini kwenye milima ile, kila vidole vya mgonjwa yule vilipogonga mara mbili, nilitoka nyuma ya lori na kuingia mahali nisipopaona, bila kuuliza. Sijawahi kumwamini mtu hivyo, hata marehemu mume wangu.

Siku moja trafiki alitusimamisha. Akaja dirisha la kushoto kama walivyozoea, akampigia saluti Deo na kumwomba leseni. Deo akanyoosha mikono hewani, akazungusha usukani usiokuwepo, uso mkavu kabisa. Yule kijana akacheka hadi akashika paa la gari. Nilipomjibu kwa Kihangaza, lugha yetu ya Ngara inayosikilizana na yao, akasema naongea kama bibi yake, akatuachia. Tulicheka hadi mpakani, Deo akicheka bila sauti, mabega yakitikisika.

Ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka.

Jana tulikwenda kuchukua majibu ya vipimo vya baada ya mionzi. Daktari alinitoa nje, tukasimama kwenye korido, mlango ukiwa wazi. Deo alikuwa kwenye benchi ndani, kofia magotini, akitutazama. Daktari alisema kwa upole kwamba uvimbe umerudi na umeshuka kifuani, kwamba hakuna tena cha kuchoma wala cha kukata. Nimpeleke nyumbani. Dawa za maumivu naweza kuzipata upande wetu. Hakuna haja ya kurudi.

Nilitafuta wa kubishana naye. Nikageuka kumtazama daktari kwa ile hasira yangu mnayoijua, nikakuta uso wa mtu aliyechoka. Nikamshukuru.

Kisha nikaingia ndani nikamdanganya kaka yangu. Nilimwambia daktari ameridhika, tupumzike kwangu Ngara, turudi baada ya mwezi.

Mimi, niliyewaita watu waongo hadharani miaka yote hii.

Deo alivaa kofia yake. Njia nzima aligonga. Moja. Mbili. Moja. Vidole vyake vimekuwa vyepesi, ilinibidi nizime redio ili nivisikie. Tulipovuka daraja na kuhamia kushoto, nilingoja alale. Kila safari alilala mara tu tukivuka, maana upande wetu dereva anajionea mwenyewe na utingo hana kazi. Jana hakulala.

Benaco, kwenye njia panda ya Ngara na Biharamulo, tulisimama. Alikunywa maziwa vijiko vitatu, mimi nikanywa chai bila kuisikia ladha. Nikarudi garini nikiwaza nitamwambiaje wifi Konsolata, mke wake, nikawasha, nikaingia barabarani.

Nikashika kulia.

Hilo ni kosa la watu wa huku mpakani. Nyuma yangu nilisikia mama wa chai akisema, "Huyo bado yuko Kigali huyo," na watu wakacheka. Sikuelewa wanamcheka nani. Semitrela ilikuwa inashuka mbele yangu, taa zinawaka, na akili yangu iliona jambo la kawaida tu.

Deo alipiga dashibodi kwa kiganja. Hakuhesabu, alipiga tu, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Nikakata kushoto. Lori likapita likipiga honi ndefu, gari letu likatikisika zima. Nikasimama pembeni, nikaanza kuomba radhi na kulia kwa pamoja.

Akanishika bega. Akaivuta sauti kutoka sijui wapi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu wiki ya tatu.

"Tumefika kwetu, Mwalimu. Huku unaona mwenyewe."

Nikafuta macho, nikawasha kiashiria cha njia ya Ngara. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole upande wa pili, njia ya Biharamulo, ya Nyabusozi, nyumbani kwake. Nikasema vitanda viko tayari kwangu. Nikasema dawa ziko Ngara. Nikasema, na sijui kwa nini nilisema, kwamba kutoka kwangu itakuwa rahisi kurudi kwa daktari mwezi ujao.

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa binti, nikimwambia gari limezimika lenyewe.

Akagonga mara mbili.

Nikaenda. Wifi alitupokea na taa mkononi ingawa jua lilikuwa halijazama vizuri, akatazama nyuso zetu. Akaenda kutandika.

Asubuhi hii nimeingia chumbani nikampa shikamoo. Zamani aliijibu kwa majivuno, sasa anainua kidole tu. Nikamwuliza kama nimletee uji, au nimgeuze, au nimwite padri, au niende Ngara kuchukua dawa. Nimezoea kuwa na la kufanya. Niliyamwaga yote kwa mpigo kama ninavyofanya nikibishana.

Akagonga ubao wa kitanda. Nikangoja kugonga kwa pili. Hakukuja.

Basi nimekuja kukaa hapa barazani. Mvua inanyesha kwenye gari. Nasubiri.