Kavata Niliyemwita Daktari

Masii, Machakos

Mpwa wangu Mutheu,

Nakusalimu huko Doha. Mvua imekataa, lakini maharagwe yangu yamenifika kiunoni, hata afisa wa kilimo alikuja kuyapiga picha.

Dadako Kavata alikuwa na ile saluni yake ya uso pale mjini, mvuke na kutoa chunusi. Basi kukafunguliwa kliniki ya urembo yenye daktari, sindano za kujaza mashavu na mashine ya leza, wateja wote wakahamia huko. Akafunga, akaajiriwa huko huko, kazi yake kupanguza watu uso kabla daktari aingie.

Mimi unanijua, singekubali damu yetu ionekane ndogo. Nikatangaza kanisani kwamba Kavata ni daktari wa ngozi, ametibu mpaka mawaziri. Mama Nthenya wa kwaya akamwendea nyumbani: "Daktari, nidunge mashavu nirudi msichana."

"Mama, mimi hupanguza tu."

"Wacha maringo! Mjomba wako ametuambia yote."

Kavata alikuwa ameona sindano hizo mara nyingi. Akaagiza dawa mtandaoni, akadunga.

Shavu limeoza, na jicho moja la Mama Nthenya limekufa. Kavata yuko seli tangu Jumanne. Nilipoenda kumwona alisema, "Mjomba, waambie ni wewe uliyeniita daktari."

Polisi waliniuliza. Nikasema sijawahi kutaja jina lake kanisani. Kavata alikuwa amesimama hapo, akanisikia.

Mutheu, njoo wewe. Mimi nikienda, anageukia ukuta.

Ni mimi mjomba wako,
Erastus Makau