Ng'ombe Wasiolala Kwetu

Chebet, mjukuu wangu,

Huku Bomet tuko salama. Nyanya yako bado anachuma chai huku akigombana na goti lake.

Umeuliza kama somo la uhasibu lilinichanganya mimi pia nikiwa chuoni. Lilinichanganya sana! Mwalimu alituambia tuandike mali yote ya nyumbani. Nikahesabu ng'ombe tisa zizini, nikampelekea baba karatasi kwa maringo.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Hawa wanne ni wa rafiki yangu wa Mulot. Sisi tunawachunga na kunywa maziwa tu. Wetu wengine sita wako kwa marafiki, huko Mulot na Fort Ternan."

"Na hao wameandikwa wapi?"

"Kwa watu."

Ndivyo sisi Wakipsigis tulivyowekeana ng'ombe, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usiwamalize wote. Nilirudi darasani na karatasi iliyojaa kufutwafutwa.

Kazi ya kukufundisha namwachia mwalimu wako. Lakini mwezi uliopita mtoto wa yule rafiki wa Mulot alinipigia simu: "Mzee, ng'ombe wenu amekomaa." Nimemuuza, na huyo ndiye karo yako ya muhula huu. Hajawahi kulala zizini mwetu hata siku moja.

Babu yako