Kaseti Niliyompa Parsaoti

Kilole, Korogwe
15 Machi 1999

Bibi Zamda, mshauri wetu,

Huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu niondoke Handeni, na nakutajia mapema kwamba kutoka hapa Kilole hadi huko basi halichukui zaidi ya saa mbili, usije ukadhani nakuandikia kutoka ng'ambo. Nakusoma kila Jumamosi na sikuwahi kufikiri nitakuomba msaada, maana wasomaji wako huleta shida za ndoa na mirathi na yangu ni ya mchezo wa televisheni, lakini chakula hakinipandi kwa majuma matatu sasa, kwa hiyo nivumilie.

Mimi ni mtu wa wafugaji, Mmasai wa nyika ya Handeni, na kwa kuwa nilisoma, mwaka 1972 nilipewa kazi ya kuchanganya dawa ya josho la kuogeshea ng'ombe, na asubuhi moja nikasoma galoni mahali palipoandikwa painti, wakafa ng'ombe arobaini na mmoja wa familia nne. Wazee walikaa, kondoo akachinjwa, jambo likafungwa, hakuna aliyenitupia neno. Mimi ndiye niliyeshindwa kupita mbele ya maboma yale. Nikaenda Mazinde kwenye mkonge, nikatunza mashine hadi nikastaafu, nikahamia hapa.

Tangu biashara ilegezwe na marobota ya mitumba yaanze kushuka sokoni, humo hutoka pia vitu vya kuchezea vya watoto wa Wazungu na Wajapani, na mimi nilianza kuokota gemu za zamani, zile za mkononi zenye vivuli vyeusi kwenye kioo cha kijivu, kisha zile za kaseti. Zilifika thelathini na mbili. Kila Jumapili alasiri tunakutana watatu kwenye banda la Hiza, fundi redio: Hiza mwenyewe, mimi, na Laurenti, karani mstaafu anayeandika kila kitu katika daftari. Tunafungua kaseti na kuitazama ndani, kwa sababu nakala ina tone jeusi kama lami na kaseti halisi ina vipande vyenye miguu ya chuma, tunabishana ilitengenezwa mwaka gani, tunasikiliza mlio wake wa kwanza. Vijana wa stendi wanatucheka. Hatujali.

Mwaka juzi Hiza alipata kaseti moja halisi, karatasi yake imechubuka haina jina, na hakuna mtu tuliyemsikia, hata kwa barua, aliyewahi kuiona nyingine. Ndani yake mtu mdogo mwenye fimbo anaongoza wanyama saba katika uwanda wa manjano, miti michache ya miiba, kilima cha buluu mbali, na muziki wa sauti tatu tu unaozunguka taratibu. Hakuna adui. Kuna makorongo, na mnyama akitumbukia anapotea, lakini ukianza upya wote saba wanasimama pale pale, wazima, wanakungoja. Mimi niliona ng'ombe. Hiza alisema, "Hao ni mbuzi, mzee. Ng'ombe gani anaruka hivyo?" Laurenti akaandika "wanyama" na kuweka alama ya kuuliza. Hiza akanitazama nilivyokuwa nacheza, akaichomoa, akanipa.

Kwetu, mtu akikupa mnyama kwa upendo hamwitani tena kwa majina, mnaitana kwa zawadi ile, aliyetoa na aliyepokea, na zawadi ya namna hiyo haitoki mkononi mwako mpaka umwambie aliyekupa. Kwa hiyo nikaanza kumwita Hiza Pakaseti, naye akacheka wiki nzima, kisha akaanza kuniita hivyo hivyo, na mtaa mzima ukafuata. Usiku na mchana nilikuwa nimerudishiwa kitu. Nilikuwa naketi mbele ya uwanda ule hadi sijui kama nimeamka au nimelala, nasikia harufu ya vumbi baada ya mvua, na vile vidoa vya kioo vinakuwa pembe, vinakuwa mikia.

Basi mwezi uliopita alibisha hodi Parsaoti. Huyu tulipeana kondoo tukiwa vijana, naye ni Paker wangu, yaani wa kondoo, na Paker akiomba kitu kilichomo nyumbani mwako humnyimi. Amezeeka, jicho moja lina ukungu. Alisema ametumwa, kwamba katika wale wenye ng'ombe wa mwaka ule wamebaki wawili na wanataka kuniona, akaniuliza kama nitakwenda. Ili nisijibu nikamwashia televisheni, nikamwekea kaseti ile. Hakuwahi kushika gemu maishani. Alitazama muda mrefu, akasema, "Yule dume wa nyuma anachechemea." Halafu akasema, "Paker, ng'ombe wengine wamezaliwa. Wewe unachunga wafu hapa." Akaiomba kaseti. Nikampa. Mlangoni akaniambia, "Ukiitaka, njia unaijua."

Nyumbani kwake hakuna umeme wala televisheni. Ameiweka ili iniite.

Na sasa Hiza ameniomba niilete, maana Jumapili ya Pasaka anakuja mwalimu mmoja kutoka Tanga, Mhina, mkusanyaji kama sisi, na Hiza amekwisha kumsimulia habari zote za kaseti ile kwa barua. Jumapili ya kwanza nilimwambia imeingia unyevu. Ya pili nikasema naikausha. Jana nikasema bado. Naye ni fundi, Bibi Zamda, kila mara ananiambia, "Lete niitazame, Pakaseti," na nashindwa kumwangalia usoni. Nikienda Handeni kuichukua, naokoa urafiki huu, lakini Handeni siwezi kukanyaga. Nisipokwenda, nampoteza mtu pekee aliyenipa jina hapa ugenini. Nifanye nini?

Kaika, Kilole


BIBI ZAMDA ANAJIBU

Mzee Kaika, shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma polepole kama unavyocheza gemu lako. Pole kwa yale ya josho. Ulikosea kusoma, ukaumia, ukaondoka. Hilo sikulaumu.

Ya mwezi uliopita nakulaumu. Unaniambia mila ilikulazimisha kumpa Parsaoti. Mila hiyo hiyo, kwa kalamu yako mwenyewe, ilikutaka umwambie Hiza kwanza, na banda la Hiza liko mtaani kwako. Mbona ile ya kwanza uliitii mara moja na ya pili hukuikumbuka? Nitakwambia, mzee wangu. Rafiki yako alikuuliza swali, ukamwashia televisheni. Akakwambia unachunga wafu, ukampa kaseti. Umelipa kwa mali ya upendo wa mtu mwingine ili usitamke ndiyo wala hapana.

Kisha unamwambia fundi redio habari za unyevu. Hiza anajua unyevu unavyoharibu kaseti na unavyokaushwa, na mimi nina hakika alikwisha kujua Jumapili ya kwanza. Anakungoja.

Fanya hivi. Leo, kabla gazeti hili halijafungiwa maandazi, nenda bandani. Usingoje Jumapili. Mwambie uliitoa, ulimpa nani, na kwamba ulimdanganya mara tatu. Usimsimulie mila, hiyo aiombe mwenyewe. Kaseti ilitoka kwake. Aamue yeye kama atakwenda kuichukua, au aiache, au akukasirikie. Mwalimu wa Tanga aandikiwe ukweli, hatakufa.

Kuhusu Handeni, sikuamrishi uende. Mtu mzima ana haki ya kutokwenda mahali. Lakini Parsaoti amepanda basi na jicho lake moja kuja kukuuliza, na wazee wawili wanangoja huko. Hao hawadai uende, wanadai jibu. Chukua karatasi, andika jibu lako, litie sahihi. Ukishindwa kuliandika kwa sentensi moja, basi bado hujaamua, na hapo ndipo uniandikie tena.


Kilole, 19 Aprili 1999

Bibi Zamda,

Nilikwenda siku ile ile. Hiza alikuwa anaunga nyaya, akaweka chini chuma cha kulehemu, akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Ungeniambia, mzee, ningekuruhusu. Umeninyima kukupa mara ya pili." Halafu akaendelea na kazi.

Siku tatu kabla ya Pasaka alifunga mashine ya gemu, televisheni ndogo na betri ya gari, akapanda basi la Handeni peke yake. Laurenti ndiye aliyenisimulia, kwa kuwa Hiza hanisimulii mengi siku hizi. Waliwasha bomani kwa Parsaoti mchana kutwa, na wale wazee wawili waliobaki walikaa mbele kabisa, wakabishana juu ya dume la nyuma, kama linachechemea au mguu umechorwa vibaya. Hakuna aliyesema mbuzi. Jioni Hiza alimpa Parsaoti kaseti kwa mkono wake mwenyewe na betri akaiacha, na sasa wanaitana Pakaseti hao wawili. Mimi ananiita mzee, kama anavyowaita wote wanaoleta redio. Jumapili bado naenda. Ananisogezea kiti.

Mwalimu Mhina alikuja, akatazama zile thelathini na moja zilizobaki, akasifu.

Barua yangu aliibeba Hiza. Mjukuu wa Parsaoti aliwasomea wazee, na nimeambiwa walimtaka airudie, kisha wakasema wamesikia. Niliandika majina yao wote wawili, nikaandika idadi ya ng'ombe wa kila mmoja, maana naikumbuka. Chini yake niliweka sentensi uliyoidai. Handeni sitarudi.

Kaika